Tulivyokwenda China Kumleta Mama Yake Mama

Kila Jumapili tangu turudi mnaniuliza China kulikuwaje, nami najibu "poa tu", halafu naenda kusimama kwenye meza ya chai na kujifanya napanga vikombe. Sio kwamba nawaringia. Mnanijua. Mimi ni yule ambaye akiambiwa aombe kwenye kikao cha vijana, anaomba kimoyomoyo mpaka mtu mwingine amhurumie aseme amina. Lakini kuandika naweza. Kwa hiyo nimekaa na daftari langu la safari, nikatoa yale yanayosomeka. Mambo ya fomu na vyeti nimeyaruka. Yalichukua miaka mitatu na hayakuwa na siku hata moja ya kuchekesha.

Kuna jambo moja lazima niwaeleze kwanza, hasa ninyi msio Wakikuyu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili hupewa jina la mama yake mama. Na si jina tu. Ukishapewa jina la mtu, wewe ndiye yeye. Mimi ni Wambui, kama mama yake Baba, kwa hiyo Baba ananiita "Mami" tangu nikiwa kwenye nepi, na Mama akinikasirikia ananiita mama mkwe. Shosho, yaani bibi, wa upande wa Mama anaitwa Nyokabi, na alikuwa amengoja zamu yake miaka kumi na sita. Baada yangu Mama alipata mimba mbili, na hakuna iliyofika. Tukimpigia Shosho simu huko Nyeri hakuwahi kuuliza. Alikuwa anasema tu, "Mimi huko Amerika bado sijazaliwa, lakini sina haraka," na Mama akikata simu anaenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Basi tulipoambiwa kuna msichana wa miaka kumi na mmoja anaitwa Lan, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo akapona, Mama hakusema amepata binti. Alikaa sakafuni pale jikoni, na sare yake ya unesi, akasema, "Mama yangu amepatikana."

Shida ilikuwa moja. Kule mtoto akishapita miaka kumi lazima akubali mwenyewe. Mnakabidhiwa leo, mnakaa naye siku moja, kesho mnarudi ofisini anaulizwa kama anataka kwenda na ninyi. Akisema hapana, mnarudi kwenu na mabegi yenu.

Mansfield hadi Houston

Ndege ilikuwa ya kuondokea Houston, kesho yake. Tulipanga kutoka nyumbani Mansfield saa mbili asubuhi, na saa mbili asubuhi ndipo akina mama wa kanisa walipoanza kuegesha magari. Walikuja kutuombea. Pasta alitaja kila nchi ambayo ndege ingeweza kupita juu yake, na zingine mbili ambazo nina hakika haziko njiani. Saa nne hivi Tata Njeri, mdogo wake Mama anayekaa Houston, alipiga simu kuuliza tumefika wapi.

"Tuko Corsicana," Baba akasema, akitaja mji wa njiani. Alikuwa amesimama sebuleni akitafuta ufunguo wa gari.

Tulikuwa na masanduku tisa. Ya nguo zetu yalikuwa matatu. Sita yalikuwa ya zawadi, kwa sababu Mama alisema huwezi kwenda kuchukua mtoto wa watu mikono mitupu kama unaenda kuchukua parseli. Kulikuwa na blanketi, leso, majani ya chai, na kilo nane za sukari. Nilimwambia China kuna sukari. Akaniambia hata kwa mkwe kuna sukari na bado watu wanapeleka.

Tulisimama kujaza mafuta kwenye kile kituo kikubwa chenye vyoo visafi kuliko vya shule yetu. Baba alikuwa ameshika pampu, Mama amekaa tu, dirisha wazi.

"Baba Wambui," akasema, "ungekuwa wewe ni mtoto wa miaka kumi na mmoja, ungetukubali?"

Baba alifikiri kidogo. "Mimi ningeangalia gari kwanza."

Mama hakucheka. Kwa kawaida Mama hucheka.

Gulfton

Tata Njeri anakaa kwenye zile nyumba za ghorofa za mtaa wa Gulfton ambapo maegesho ndiyo uwanja wa mpira, kanisa na soko. Gari letu halingeweza kubeba masanduku, sisi na Tata kwa pamoja, kwa hiyo jirani yake, Mrundi anayeitwa Baba Claude, alijitolea kutupeleka uwanja wa ndege na van yake. Alipanga masanduku yote tisa bila kupumzika, halafu akamgeukia Baba.

"Munaenda China kuchukua mutoto? Hapa Gulfton watoto wameisha?" Akaonyesha maegesho. "Wangu wako watano hapo. Muchague."

"Huyu tayari ni wetu," Mama akasema.

"Sawa, Mama. Lakini nikuambie kitu." Alifunga mlango wa van akawa hacheki tena. "Claude wangu, siku tulifika hapa kutoka kambini, watu wote pale airport walimuchekea. Meno tu, meno tu. Mutoto aliogopa akakojoa. Huyo wenu musimuchekee sana."

Mama aliuchukua ushauri huo kama dawa iliyoandikwa na daktari. Njia nzima nilimwona kwenye kioo akifanya mazoezi ya kutocheka.

Juu ya bahari

Nilikuwa nimekaa katikati. Kushoto Baba, ambaye alilala kabla ndege haijaacha ardhi. Kulia bibi mmoja wa Kichina, mdogo kama mwanafunzi wa darasa la tatu, mwenye mfuko wa mbegu za alizeti. Alinipa konzi moja. Sikuwa nimewahi kuziona zikiliwa, na kuuliza sikuweza, kwa hiyo nikazila. Zilikuwa ngumu sana. Bibi alinitazama nikitafuna konzi nzima na maganda yake, kwa heshima kubwa, kama mtu anayetazama mbuzi. Halafu akachukua mbegu moja, akaishika kwa meno ya mbele, akaipasua, akatoa kiini, akanionyesha ganda. Akanipa konzi nyingine.

Kwa muda wa saa tisa nzima nilitaka kwenda chooni na sikuthubutu kumsumbua. Mwisho ni yeye aliyesimama, akanishika mkono, akanipeleka, akanisubiri mlangoni. Hatukusema neno moja. Ndiye rafiki bora niliyempata mwaka huu, msikasirike.

Beijing hadi Zhengzhou

Beijing tulichelewa kwa sababu ya sukari. Afisa wa forodha alifungua sanduku moja, akakuta sukari. Akafungua la pili, akakuta sukari. Akaita mwenzake. Wakaionja. Wakatuuliza kwa ishara kwa nini. Mama akafanya ishara ya kumbeba mtoto. Wakatazamana, wakafunga masanduku polepole sana.

Nje tulikutana na Fang, mkalimani wetu, dada wa miaka ishirini na kitu mwenye miwani ya duara. Anazungumza Kiingereza kizuri kuliko mwalimu wangu wa fizikia. Yeye ndiye aliyetuwekea kwenye simu programu ya kutafsiri inayofanya kazi kule. Tulipokuwa tukingoja treni watu walikuja kupiga picha na sisi, hasa na nywele za Mama. Mimi nilijificha nyuma ya masanduku. Baba alisalimia kila mtu kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani kwa Kiswahili, kama anayegombea ubunge wa Beijing. Halafu akaagiza chai ya maziwa. Alipewa maji ya moto. Akaagiza tena kwa sauti zaidi. Akapewa maji ya moto zaidi.

Treni ya mwendo kasi ni nzuri, ila haina huruma. Ilipokaribia Zhengzhou, mji aliko Lan, Fang alituambia itasimama dakika chache tu. Baba alihesabu masanduku, akatuhesabu sisi, uso ukabadilika. Nadhani tungetelemka na matatu. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akila yai karibu na mlango aliweka yai mfukoni, akashika sanduku, akampa mtu wa nyuma yake. Nyuma ya huyo akasimama mwingine. Masanduku tisa yalipita juu ya vichwa vya watu nisiowajua kama ndoo za maji kwenye moto. Mlango ulipofungwa Baba alikuwa bado anasema asante kwa treni inayoondoka.

Ofisini

Sasa nafika pale mnapopataka.

Chumba kilikuwa cha kawaida, meza ndefu, mashine ya kuchapisha, viti vya plastiki. Afisa alikuwa bwana mnene mwenye miwani kwenye paji la uso. Lan aliingia ameshikwa mkono na mlezi wake, mama mtu mzima aliyekuwa ameshalia tayari. Nywele za Lan zilikuwa za misuko miwili, begi la shule amelivaa kifuani badala ya mgongoni, kama ngao. Alitutazama mmoja mmoja. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Baba alisimama. Akavua kofia. Akarudi nyuma hatua mbili, akanyoosha mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, akamsalimu akiwa ameinama, kama anavyomsalimu Shosho mwenyewe. Halafu akaenda kukaa mwisho kabisa wa chumba, karibu na mashine. Kwetu mtu haendi kujibanza karibu na mama mkwe wake. Baba anaweza kuonja maji ya moto mara mbili bila kuelewa, lakini adabu za ukwe hazimtoki.

Mama naye alikuwa anakumbuka maneno ya Baba Claude. Alikaza uso usicheke, mpaka ukawa uso wa mtu anayekuja kudai. Akapiga magoti mbele ya Lan.

"Mami," akasema. "Mami yangu. Tumekuja kukuchukua." Fang akatazama, hajui Kiswahili, na Mama akayarudia kwa Kiingereza ili atafsiri.

"Umemwita mama?" Fang akauliza. "Yaani mtoto ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Una uhakika unataka niseme hivyo?"

"Kabisa. Mwambie ndiye mama yangu. Na yule pale ni mkwe wake. Mwambie nyumba nzima imekuwa ikimngoja yeye."

Fang hakukosea. Alitafsiri kila kitu sawasawa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Afisa alishusha miwani kutoka kwenye paji akaivaa machoni. Mlezi aliukamata tena mkono wa Lan. Lan hakulia wala hakukimbia. Alimtazama Mama aliyepiga magoti, akamtazama Baba kule kwenye mashine, na akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyepewa kazi.

Mama alianza kutoa zawadi. Afisa akasukuma sukari irudi. Mama akaisukuma iende. Ikarudi. Baadaye Fang aliniambia kule pia watu hukataa zawadi kwa adabu kabla ya kupokea, kwa hiyo Mama alidhani afisa ana adabu, kumbe yeye kweli haruhusiwi. Sukari ilitembea juu ya meza ile mpaka pakiti moja ikapasuka. Mlezi alikubali leso moja. Akajifunga palepale, akamkumbatia Lan, akatoka haraka.

Siku moja

Hotelini Lan alivua viatu akavipanga. Akapanga na vyetu. Akatoa ndara zake kwenye begi, akafungua begi letu, akaanza kukunja nguo za Baba. Alifuta meza. Alichemsha maji, akamletea Baba kikombe kwa mikono miwili, na Baba akaruka kutoka kwenye kiti, kwa sababu mama mkwe hawezi kukuhudumia umekaa. Lan alishtuka akarudi nyuma. Baba naye akarudi nyuma. Lan akakaa, Baba akakaa. Lan akainuka kuchukua kitambaa, Baba akainuka. Walikuwa kama watu kwenye misa.

"Ona alivyokunja taulo," Mama akaninong'oneza. "Ni mama yangu mtupu."

Mchana tulikula tambi za kule, ambazo ni pana kama mshipi na bakuli lake ni kama beseni la kuogea mtoto. Mama alipigana na vijiti mpaka tambi moja ikamkalia begani. Lan aliitoa. Kisha akachukua bakuli la Mama, akazikata tambi ndogo ndogo kwa kijiko, akapuliza, akamlisha. Mama akafungua mdomo, akala, machozi yakaanza kumtoka. Lan akadhani zimemuunguza, akapuliza zaidi.

Mimi nilifurahi pia, nakiri. Niliandika kwenye daftari: anatupenda.

Tuliporudi hotelini Baba na Mama walilala saa tisa mchana na viatu miguuni, kwa uchovu wa masaa kubadilika. Lan alimfunika Mama. Halafu akaja akakaa mbele yangu, akachukua simu yangu, akaisemea, akanionyesha.

"Mama yako anaumwa nini?"

Nikaandika, haumwi.

"Baba yako anaweza kutembea vizuri?"

Anaweza.

Alitazama vitandani muda mrefu. Akasema tena, akanipa simu. "Basi nitamtunza nani? Mimi niko darasa la tano. Nilitaka kumaliza shule. Sijui sana kutunza wazee, lakini naweza kujifunza kama mtanifundisha polepole."

Nilisoma mara tatu. Tulikuwa tumevuka dunia kumwambia mtoto yatima kwamba yeye ndiye mama, na yeye alikuwa amekubaliana nalo, akaanza kazi siku hiyohiyo.

Mnajua mimi siwezi kuongea. Lakini hapakuwa na mtu mwingine aliye macho. Nilichukua karatasi ya hoteli nikachora. Nikamchora Shosho Wambui, chini yake Baba, chini yake mimi, na mstari kutoka kwangu hadi juu kwa Shosho. Nikaandika kwenye simu kwamba mimi ni mama yake Baba.

"Unampikia?"

Hapana.

"Anakutii?"

Hapana. Ila akinikosea anaomba msamaha haraka kuliko baba za wenzangu.

Nikamchora Shosho Nyokabi, chini yake Mama, chini yake duara tupu. Nikaandika kwamba ni heshima, si kazi. Kwamba ni jambo la mtu kupendwa kabla hata hajafika. Sijui simu iliyatafsiri vipi. Lan aligusa lile duara, kisha akapandisha kidole hadi kwa Shosho Nyokabi.

"Huyu bibi anafanya nini?"

Anafuga ng'ombe wawili na kugombana na jirani juu ya mpaka.

"Nani anashinda?"

Yeye.

Kona ya mdomo wake ilisogea kidogo. Kisha akauliza lile ambalo nadhani ndilo lilikuwa limemkaa. "Baba yako kwa nini anakaa mbali na mimi? Mimi ni mchafu?"

Niliandika mambo ya ukwe, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikaandika: Anakuheshimu vibaya. Hajui kwamba inauma.

Alisoma. Akauliza la mwisho. "Nikiwa Nyokabi, Lan ataenda wapi?"

Hilo sikulitegemea, na nilijibu nilichonacho. Mimi nimekuwa Wambui wa watu miaka kumi na sita, na bado niko humu ndani.

Alinirudishia simu. Hakusema ndiyo. Akageukia dirisha, akakaa hivyo mpaka wakubwa wakaamka.

Kurudi ofisini

Niliwaambia wakati wa kifungua kinywa, Lan alipokwenda kuchukua yai. Nilisema yote kwa pumzi moja nikitazama uji wangu. Nilipoinua kichwa Mama alikuwa amekufa ganzi, kijiko hewani.

"Alidhani tumemletea ajira," akasema.

"Sasa nifanye nini?" Baba akauliza. "Nimkumbatie mama mkwe?"

"Huyo ni mtoto, Baba Wambui."

"Si ni wewe ulisema ni mama yako?"

"Nilisema. Na wewe ukaenda kukaa na printa."

Baba akapangusa mdomo. "Atakataa," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nikiwa yeye ningekataa."

Mama alitazama upande wa mayai, pale Lan alipokuwa akichagua moja kwa makini, akalirudisha, akachagua lingine. "Mami, nimwiteje?" akaniuliza, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, hilo ni jina la Baba kuniita.

"Jina lake, Mama. Lan."

Kwenye teksi Baba aliingia nyuma akakaa kando ya Lan. Alikaa wima, mikono magotini, kama dereva aliyesimamishwa na polisi. Jasho lilimtoka. Teksi ilipokata kona alimwegemea kwa bahati mbaya, akasema "pole", na Lan akatazama mkono wake uliogusana na wa Baba, hakuutoa. Mbele Mama aligeuka akasema, "Lan," mara moja tu, akageuka tena barabarani, maana uso ulikuwa umeshaanza kucheka na hakujua kama anaruhusiwa.

Afisa alimwuliza Lan swali. Fang alitutafsiria: sasa anamwuliza kama amekubali kwa hiari yake, na aandike jibu kwa mkono wake.

Lan aliomba karatasi. Akaandika. Mimi nilijua kwamba kukubali ni sentensi moja tu, kwa sababu Fang alituambia. Lan alipita sentensi moja. Alisimamisha kalamu, akamtazama Baba, ambaye safari hii alikuwa kwenye kiti cha karibu naye, kisha Mama, kisha mimi, akaendelea kuandika. Mama alikuwa ameukamata mkono wangu mpaka pete yake ikaniingia.

Afisa alisoma. Akashusha miwani. Akampa Fang karatasi.

"Ameandika," Fang akasema, "'Ninakubali kuwa binti yao. Kuhusu kuwa mama yao, nitaamua nikifika nikaona mambo yalivyo.'"

Afisa alieleza jambo kwa upole. Fang akatuambia anasema inatakiwa sentensi ya kwanza tu, mtoto aandike upya. Lan akajibu kwa ufupi.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Amesema yote mawili ni ya kweli, na hataki kuandika nusu."

Afisa alimtazama Lan, na Lan akamtazama yeye. Niliwahi kuona mtazamo huo, kwenye simu, Shosho akizungumzia jirani. Mwisho bwana yule akapumua, akafungua kile kiboksi cha wino mwekundu, na Lan akabonyeza kidole chake chini ya sentensi zote mbili. Mama alilaza kichwa mezani, akawa analia na kucheka, huwezi kutenganisha. Baba akaanza kusimama kwa heshima, na Lan, bila hata kumtazama, akamvuta koti chini, Baba akakaa.

Guangzhou hadi Houston

Guangzhou tulingoja viza yake siku nyingi, mvua ikinyesha. Tulimpigia Shosho simu ya video. Yeye na Lan wote wawili walikaribia kioo sana, wakatazamana mapaji ya uso tu kwa dakika tano. Shosho aliuliza kama anakula. Anakula. Akasema basi hayo mengine ni maneno ya watu wasio na kazi.

Ndege ya kurudi Lan alikaa dirishani, mimi katikati, na hakuna aliyelala. Houston tulitoka na masanduku manne na mapya mawili, Lan akisukuma troli mwenyewe kwa sababu alisema Baba anagonga watu.

Mlango ulipofunguka nikaona watu ambao hatukuwa tumewaonya. Tata Njeri hakuja peke yake. Dada zake Mama wote wa Texas walikuwa wamesimama mstari mmoja, watatu, wanawake wakubwa wenye vitenge sare na maua. Hakuna aliyewaambia kwamba tumeacha mambo ya kumwita mama. Walipomwona Lan wakasema kwa pamoja, "Mami," sauti zikakatika, wote watatu wakaanza kulia hapo mbele ya watu wa teksi.

Lan alisimamisha troli. Akatoa simu yangu mfukoni mwa koti langu, akaisemea, akanionyesha.

"Hawa nao?"

Nikaandika, hawa nao.

"Kwa jumla wako wangapi?"

Nikahesabu. Mama, hawa akina Tata watatu, na wajomba wawili Kenya. Nikaandika sita.

Alisoma hiyo sita kwa muda. Halafu akapumua kwa pua, akanyoosha koti lake, akavua begi lake kutoka kifuani akanipa nimshikie. Akaniuliza yupi kati yao ni mkubwa. Nikamwonyesha. Akaenda kuwasalimu, akianza na huyo.